Njiwa Asiyesaga Mbegu

Ukipasua kuku, firigisi utaitambua hata kwa kuipapasa. Ni nene, ngumu, misuli miwili iliyobanana, na ndani ina ngozi ya manjano yenye mikunjo ambayo huchunwa na kutupwa pamoja na changarawe zake. Hicho ni kinu. Kuku hana meno, kwa hiyo humeza punje nzima, huongeza vijiwe, na misuli ile inamalizia kazi. Njiwa wa kufugwa ana kinu kama hicho, ndiyo maana anashiba mtama na mahindi.

Njiwa-matunda hana kinu. Pale ambapo wengine wana firigisi, yeye ana mfuko mwembamba wa kuta laini, na utumbo unaofuata ni mfupi na mpana. Anayetaka kumjua ndege huyu aanzie hapo, rangi atazikuta baadaye. Mti anaotua, yai lake moja, namna anavyokufa akiwa tunduni, na kinachoupata msitu akitoweka, vyote vinaturudisha kwenye mfuko huo.

Tunda halidonoi vipandevipande. Mdomo wake ni mwembamba na hauna nguvu ya kupasua. Hulishika zima, hulipinda na kulivuta hadi likatike kwenye kikonyo, kisha hulimeza. Mara nyingi tunda lenyewe liko ncha ya kitawi kisichoweza kumbeba, basi hushikilia kwa miguu yake mifupi yenye nguvu na kuning'inia kichwa chini. Taya zake hutanuka kuliko unavyodhani ukimtazama mdomo, lakini kutanuka kuna mwisho, na mwisho huo ndio unaoamua mti upi ni wake na upi si wake. Tunda likishafika ndani, mfuko hulibana, ganda na nyama vinalegea na kumeng'enywa, kokwa inabaki safi na kutoka nzima. Likiwa tunda la jamii ya mkuyu, zile mbegu ndogo zisizohesabika zinapita zote bila kuguswa, zikiwa ndani ya kinyesi cha majimaji.

Sababu ya utumbo mfupi ni hesabu tu. Tunda la msituni lina maji mengi, sukari kiasi, na protini kidogo. Anayeishi kwa chakula cha namna hiyo lazima ale kingi na akipitishe haraka, kwani kila kokwa inayokaa tumboni inachukua nafasi ya tunda linalofuata. Kusaga kokwa kungempa mafuta na protini ya ndani, ila kungemchelewesha. Yeye amechagua kasi.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua ninga, yule njiwa wa kijani anayejaa kwenye mikuyu iliyoiva. Pemba ina ninga wake, Treron pembaensis, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Kwa macho ungesema ninga na njiwa-matunda ni ndugu wa tumbo moja: wote wa kijani, wote wa juu ya miti, wote wanagombania matunda yaleyale. Tumboni wako mbali kabisa. Ninga ana firigisi nene, humeza changarawe, na mbegu za mkuyu huzisaga na kuzila. Katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki ndege wa aina hizi mbili huweza kulisha kwenye mti mmoja saa ileile. Kwa mti huo, mmoja ni mla mbegu na mwingine ni mchukuzi wa mbegu. Tofauti hii hupotea kila tunaposema kwa jumla kwamba "ndege husambaza mbegu". Ndege yupi? Uliza kwanza ana firigisi gani.

Njiwa-matunda wamewekwa katika jenasi ya Ptilinopus, yenye spishi zaidi ya 50. Wanaanzia rasi ya Malaysia, Sumatra, Borneo na Ufilipino, wanapita Guinea Mpya na kaskazini na mashariki mwa Australia, kisha wanatawanyika kisiwa baada ya kisiwa hadi ndani kabisa ya Pasifiki. Kisiwa cha Henderson kina spishi yake. Rapa ina yake. Makatea ina yake, nayo imeendelea kuwepo ingawa kisiwa chenyewe kilichimbwa fosfeti tangu miaka ya 1910 hadi miaka ya 1960. Wengi wana urefu wa sentimita 20 hadi 24 na uzito wa gramu 100 hivi. Mdogo kupita wote, Ptilinopus nainus wa Guinea Mpya, ni wa sentimita 14 au 15. Megaloprepia magnifica, mwenye mkia mrefu, aliyekuwa akiwekwa katika Ptilinopus, hufika sentimita 45. Upande wetu wa Bahari ya Hindi wako jamaa zao wa karibu wa jenasi ya Alectroenas: mmoja Madagaska, mmoja Komoro na Aldabra, mmoja Shelisheli. Yule wa Shelisheli huitwa pizon olande kwa Krioli, kwa kuwa wekundu, weupe na ubuluu wake viliwakumbusha watu bendera ya Uholanzi. Wa Morisi alitoweka katika miaka ya 1830.

Kuhusu rangi, mfano mmoja wa karibu unatosha. Dume wa Ptilinopus superbus ana utosi wa zambarau iliyokolea, nyuma ya shingo rangi ya chungwa iliyoungua, mgongo wa kijani, na kifuani mkanda mpana wa buluu karibu na weusi unaotenganisha kifua cha kijivu na tumbo jeupe. Jike wake ni wa kijani, na kisogoni ana doa dogo jeusi-buluu. Fiji imekwenda mbali zaidi: dume wa Ptilinopus victor ni wa chungwa mwili mzima, manyoya yake marefu membamba kama nywele, na kichwa cha kijani-manjano, jike ni kijani mtupu. Sehemu kubwa ya manjano, machungwa na mekundu haya hutoka kwenye karotenoidi, rangi ambazo ndege hawezi kuziunda kutoka mwanzo. Huzipata kwenye chakula, kisha mwili wake huzibadili. Kwa hiyo manyoya yaliyofifia ni taarifa kuhusu sahani kabla ya kuwa taarifa kuhusu uzee.

Ajabu ni kwamba ndege mwenye rangi zote hizo haonekani. Waliozoea kutafuta ndege wa ardhini au wa vichakani hutoka msituni wakisema hakuna kitu, ilhali wamepita chini ya watano. Kosa la kwanza ni kutembea. Njiwa-matunda akihisi mtu huganda, na tumbo lake linaloonekana kutoka chini mara nyingi ni la kijani au manjano yaliyovunjwavunjwa, sawasawa na majani yanayopitisha jua. Usimtafute ndege, tafuta mti. Tazama chini: matunda yaliyoiva yaliyodondoka, vikonyo vilivyokatika vikiwa bado vibichi, na madoa ya kinyesi yenye kokwa safi juu ya majani ya chini. Ukiyaona yote matatu, mti unatumika leo, si wiki iliyopita. Rudi kesho yake kabla jua halijachomoza, kaa mita 20 au 30 kando ya shina, mahali unapoweza kuona ukingo wa kilele ukiwa na anga nyuma yake. Kukaa chini ya shina ni kosa la pili, kwa sababu utaona nyayo na matumbo tu, na utaumia shingo.

Halafu sikiliza. Utasikia matunda yakidondoka mojamoja pasipo upepo. Utasikia mabawa: njiwa akiondoka ghafla hupiga mabawa kwa kishindo, au kwa mluzi mkavu. Milio yao inadanganya umbali, kwa kuwa ni ya chini na hutolewa na ndege aliyetulia tuli. Wengi hutoa mfululizo wa "huu-huu-huu" unaoongeza kasi kuelekea mwisho. Yule wa chungwa wa Fiji hatoi sauti ya njiwa hata kidogo. Yeye hugonga "tok... tok... tok" kama mtu anayegota ubao kwa kidole, na wageni humpita wakidhani ni chura au mdudu. Darubini ya mkononi ya 8x42 inafaa kuliko ile ya kukuza mara 10, maana kwenye giza la majani mwanga ni muhimu kuliko ukubwa. Ukishamwona mmoja, usihamishe macho haraka. Baki kwenye tawi hilohilo, na wengine wataanza kujitokeza kila mmoja anapogeuza kichwa.

Kiota chake kinawatia watu huruma. Ni vijiti vichache vyembamba vilivyopangwa kwenye panda ya tawi, jukwaa dogo ambalo mara nyingine unaweza kuona yai kupitia chini. Yai ni moja, jeupe. Watu husema ndege huyu ni mvivu wa kujenga. Sikubaliani. Kiota kidogo hakionekani kwa urahisi, kinajengwa kwa safari chache zinazoweza kumvutia adui, na mzazi akikalia yai anakifunika chote. Wazazi hupokezana kuatamia kwa wiki mbili na nusu hadi tatu hivi. Kinda wa spishi ndogo huondoka kiotani akiwa na karibu wiki mbili tu, mkia ukiwa bado kisiki, na hukaa tawini akilishwa.

Hapa ndipo tumbo linaporudi. Ndege wengi wanaokula matunda hulazimika kuwatafutia makinda wadudu, kwa kuwa tunda peke yake halijengi misuli. Njiwa-matunda hahitaji. Kama njiwa wote, mzazi, dume kwa jike, hutengeneza maziwa kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya koo: ukuta wa gole hunenepa, chembe zilizojaa protini na mafuta hubanduka, na kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunywa uji huo mzito. Siku za mwanzo hapewi kitu kingine. Baadaye matunda yaliyolainika huongezwa kidogokidogo. Protini yote ya kinda, basi, imepita kwanza kwenye mwili wa mzazi anayekula chakula chenye protini haba. Nikitazama hesabu hiyo, yai moja halinishangazi.

Kuhusu kumfuga, msimamo uwe wazi: hii ni kazi ya bustani za wanyama na miradi ya uzalishaji yenye daktari wa ndege karibu. Ndege aliyekamatwa msituni na kuingizwa tunduni kwa kawaida huishia vibaya, na sababu inajulikana. Mtu anaona njiwa, anamwekea nafaka. Ndege mwenye njaa anaweza kumeza. Gole linajaa, mlishaji anaridhika, lakini mfuko ule laini hauwezi kuvunja punje. Punje hupita nzima au hukaa na kuziba. Ndege anakufa kwa njaa akiwa ameshiba kwa nje. Usiangalie gole, shika mfupa wa kidari. Ukiusikia umechongoka kama ukingo wa kisu, nyama zimeshakwisha pande zote mbili.

Mlo unaofaa hupangwa kwa uzito. Katika sehemu 10, weka 7 za matunda yaliyoiva yenye nyama ngumu kiasi: papai, peasi, tufaha lililomenywa, zabibu, 1 ya viazi vitamu vilivyochemshwa, na 2 za chembechembe za ndege wala-matunda zenye madini kidogo ya chuma, chini ya miligramu 100 kwa kilo ya chakula kikavu, zilizolowekwa hadi zilainike. Chuma kinatajwa kwa sababu ndege waliozoea matunda ya msituni, yenye chuma kidogo, wanaweza kukirundika kwenye ini wakilishwa chakula chenye kingi, na dalili huonekana ini likiwa limeshaharibika. Machungwa, ndimu na matunda mengine ya jamii hiyo yaachwe, kwani vitamini C huongeza ufyonzaji wa chuma. Parachichi ni sumu kwa ndege wa tunduni. Tikitimaji linajaza maji tu. Ndizi iliyoiva sana hunata kwenye manyoya ya uso na kukauka.

Ukubwa wa kipande ndio unaowashinda wageni wengi. Ndege huyu hang'ati, kwa hiyo kipande kikubwa kwake ni kama hakipo. Kwa ndege wa gramu 100, kata milimita 8 hadi 10 kila upande. Kwa wadogo kabisa, milimita 5. Halafu saga baadhi ya zile chembechembe zikiwa kavu na uviringishe vipande ndani ya unga wake, la sivyo atachagua vitamu na kuacha vinavyomjenga. Sahani iwekwe juu, usawa wa tawi analolala, kamwe isiwe sakafuni. Ndege mgeni anaweza kukaa siku nzima juu akiiona sahani chini na asishuke. Mpe alfajiri, mpe tena adhuhuri, na kila mlo uondoe baada ya saa tatu au nne, kwa sababu tunda lililokatwa huchacha haraka kwenye joto na hamira yake huzaa ugonjwa kwenye gole. Pima ulichoweka, pima kilichobaki. Mzani mdogo ukifungwa chini ya kijiti anachotua akila, utapata uzito wake bila kumshika. Aliyekuwa gramu 100 akifika 90, usisubiri kesho.

Kushikwa nako ni hatari. Njiwa anapobanwa huachia manyoya mengi kwa mpigo, mbinu ya kumwachia adui ngumi ya manyoya, nawe unabaki na ndege asiyeweza kuruka vizuri. Akishtuka hupaa wima. Kama paa la banda ni waya mtupu, atachubua utosi hadi mfupa. Tanda wavu laini sentimita 15 hadi 20 chini ya waya huo, na usiku acha mwanga hafifu ili aliyeshtuka aone pa kurudi. Kinyesi chake ni chingi, cha majimaji na chenye sukari: kinaita sisimizi na kuotesha ukungu, hivyo vijiti vioshwe kila siku. Zuia njiwa na tetere wa nje wasifikie maji yake. Wao hubeba vijidudu vya trikomonasi, vinavyoota utando wa manjano kama jibini kooni, na mzazi mgonjwa humpa kinda pamoja na maziwa.

Kilichompata msituni kinaonekana wazi zaidi Guam, kisiwa cha magharibi mwa Pasifiki. Njiwa wa huko, Ptilinopus roseicapilla, huitwa totot kwa Kichamoro, lugha ya wenyeji: utosi wa waridi, kichwa na kifua cha kijivu, tumbo lenye manjano na chungwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyoka wa miti wa kahawia, Boiga irregularis, aliingia kisiwani, kwa uwezekano mkubwa ndani ya mizigo ya kijeshi. Hupanda miti usiku na kula mayai, makinda na wazazi. Kwa miaka mingi watu walishuku dawa za wadudu na magonjwa, hadi mwanaikolojia Julie Savidge alipochapisha mwaka 1987 ushahidi uliomwonyesha nyoka. Wakati huo totot alikuwa amekwisha Guam. Jukwaa la vijiti vichache linaweza kulificha yai lisionekane na mwewe anayepita juu. Nyoka anayefuata harufu tawi kwa tawi halimzuii kitu.

Visiwa jirani vya Saipan, Tinian, Rota na Aguiguan bado vinaye, na baadhi wamehamishiwa Sarigan, kisiwa kisicho na watu ambacho mbuzi na nguruwe walioharibu msitu wake waliondolewa mwaka 1998. Guam imebaki na miti bila wachukuzi. Matunda yanaiva, yanaanguka, na mbegu inabaki chini ya mama yake, ndani ya nyama inayooza, ambako fangasi na kivuli vinaimaliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa aina mbili za miti ya kawaida, miche mipya ilipungua kwa asilimia 61 hadi 92. Totot hakuwa mchukuzi pekee aliyepotea, lakini alikuwa mmoja wa wale wanaotoa kokwa nzima, mbali na mti, ikiwa imeshachunwa nyama.

Jambo hili linaweza kupimwa katika msitu wowote kwa vifaa vya kawaida. Tengeneza fremu za mita moja kwa moja, zitandike wavu wenye matundu madogo kuliko mbegu unayoifuata, na uziinue mita moja kutoka ardhini. Weka tano chini ya miti inayozaa, na kumi kati ya mita 20 na 50 kutoka mti wa aina hiyo ulio karibu. Zimwage kila baada ya siku saba. Tenganisha mbegu zilizo bado ndani ya nyama na zile tupu, safi. Hizo safi kwa kawaida zimepita tumboni mwa mnyama. Zile za mbali zinakupa jibu: mti ambao mbegu zake zote ziko kwenye fremu za chini, zikiwa na nyama, hauna tena anayezichukua. Zioshe kwenye chujio, zipasue chache uone kama kiini ni kizima, zilizobaki zipande kwenye mchanga unyevu pamoja na idadi sawa ya mbegu ulizoziacha na nyama yake, uhesabu zinazoota. Miguu ya fremu ipakwe grisi sentimita 20 kuzunguka pande zote, na matawi yanayogusa fremu yakatwe. Panya wakifika kwanza watakula mbegu safi na kukuachia zenye nyama, na hesabu yako itasema ndege wameondoka ilhali wapo.